Adapta Kwenye Debe la Mchele

Genereta ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, na bado diski ilikuwa ikinguruma.

Mwanajuma alisimama katikati ya chumba cha mbele, ufagio mkononi, akasikiliza. Nje ilikuwa adhuhuri, Kibiti nzima jua na honi za mabasi ya Lindi. Kile kidude cheusi juu ya meza ya mumewe, kando ya kompyuta, kilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Hakikuwa na umeme wala waya. Adapta ya kukipa umeme, Mwanajuma alikuwa ameificha mwenyewe ndani ya debe la mchele.

Aliificha kwa wivu, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Khalidi, mumewe, alikuwa mpiga video za harusi. Soko huria limeshaleta kila kitu kutoka Dubai, ila yeye alinunua diski ile kuukuu kwenye ofisi ya mradi iliyokuwa ikifungwa, akazitia humo video zake zote. Lakini tangu apige harusi moja kule Nyamisati, alirudia kutazama kipande kimoja tu: wanawake wamekaa mkekani, na katikati yao mmoja mwenye wanja mzito, anaitazama kamera bila kupepesa. Watu wa harusi waliulizwa, hakuna aliyemjua. Kila jioni Khalidi alimtazama mpaka chai ikapoa, na mke ndani hata ajifukize udi nyumba nzima, haangaliwi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Adapta ilipopotea, Khalidi alichanganyikiwa. Alijaribu ya redio, kichwa hakikuingia. Akaazima ya kinanda cha kwaya kwa mwalimu Nicolaus. Hiyo iliingia, ila nguvu haikutosha, taa ikawaka na kuzima. Akapanda basi hadi Kariakoo, akarudi na mfuko mzima wa adapta, na hata moja haikukubali.

"Mume wangu, si kidude tu hicho?" Mwanajuma alimwambia.

"Ananisubiri mle gizani, Mwana," Khalidi akanong'ona, macho yamemjaa machozi.

Mwanajuma hakuwahi kuliliwa hivyo. Na asubiri mpaka aoze, alisema moyoni.

Sasa diski ilikuwa ikinguruma peke yake. Na harufu ikaja, asumini iliyochanganyika na matope ya mikoko, ikitokea chumbani kwao. Alipochungulia hakuona mtu, Khalidi alikuwa ametoka tangu asubuhi; aliona shuka, upande wake yeye wa kitanda, limelowa na kuchafuka tope. Akatupa ufagio, akatoka mbio hadi kwa Bi Biasha, mganga wa nyuma ya soko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wanong'ona mchana kweupe?"

"Nyumbani kwangu kuna mtu."

Akaeleza yote, na la debe la mchele pia. Bi Biasha aliacha kutwanga dawa.

"Huyo jini mahaba, mwanangu. Mumeo alikuwa akimfungulia anamwona, akizima anabaki humohumo. Wewe umemfungia mlango wake. Wadhani atalala wapi?"

"Nifanyeje, bibi?"

"Kachomeke adapta yake ileile. Ukimkuta kwenye picha, zima, uniletee hicho kidude nimfunge. Usipomkuta..." Bi Biasha akamtazama kwa huruma, akashika tena mchi wake.

Mwanajuma alirudi mbio, akatumbukiza mkono ndani ya debe, akaikuta adapta ina joto, ina joto kama imechomolewa sasa hivi, na mchele ulioizunguka umelowa na kunuka tope, akaivuta, akakimbilia uani kuwasha genereta, akarudi na kuchomeka huku midomo ikimtafuta Mola, na kompyuta ikafunguka, na picha ikaja, mkeka uleule, vigelegele vilevile, wanawake walewale wamebanana bega kwa bega, na katikati yao pengo, mkeka umebonyea pale mtu alipokuwa ameketi.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Khalidi alitoka amevaa kanzu ya harusi yao, uso umenawiri, anatabasamu.

"Adapta yako nimeiona, mume wangu," Mwanajuma alisema.

"Ya nini tena? Zima hiyo genereta, inatupigia kelele."

Genereta ikazimika yenyewe. Mwanajuma wivu ulimpanda kuliko hofu. Kitanda kile alikinunua mama yake, na shuka alikuwa ametandika yeye. Akaenda moja kwa moja hadi mlangoni, na Khalidi akamzuia kwa mkono.

"Mwanajuma," akamwambia kwa upole, "bisha hodi kwanza."

Miaka saba ya ndoa, na hodi kwenye chumba chake! Alimtazama mumewe usoni kutafuta utani, hakuuona.

"Hodi," akasema.

Kutoka kitandani sauti ya kike, tamu, isiyo na haraka, ikamwitikia:

"Karibu, mgeni."