Udongo Tuliozibia Bwawa

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo, na nikimaliza kusimulia usiniambie pole. Nimechoka na pole za watu.

Ilikuwa Aprili, saa kumi na mbili jioni, mvua imetulia kidogo. Mimi na mume wangu Gachau tulipanda hadi bwawa letu la udongo, huku juu ya Ngoingwa, lile tulilojenga na majirani ili mafuriko yasibebe nyumba za bondeni. Fuko alikuwa ametoboa ukuta. Maji mekundu yalitoka kwenye tundu, na tundu lilizidi kupanuka. Kule chini nilikuwa nimemwacha Shiko, mtoto wetu, na cucu, nyanya yake.

Udongo wa karibu ulikuwa tope tupu. Mkavu ulikuwa kwa kile kichaka ambacho hakuna mtu hulima. Zamani watu wetu hawakuzika kila maiti. Wengi walilazwa kichakani, fisi wakamaliza kazi. Walilazwa hapo.

"Baba Shiko, si hapo," nilinong'ona.

"Udongo ni udongo, Wangeci. Ama unataka mtoto abebwe na maji?"

 Nikamshikia gunia, akachimba kwa jembe.

Tulijaza magunia manne. Nikakata kamba kwa panga, tukamwaga, Gachau akashuka tunduni kushindilia kwa miguu, vile tulivyoshindilia ukuta wote. Maji yakakatika. Nikamshukuru Mungu.

Halafu kukanuka nyama iliyolala...

Gachau akazama hadi goti.

Akajaribu kuutoa mguu. Nikasikia mfupa ukivunjika, kah, kama muwa. Akaanguka kifudifudi, uso wote kwenye tope, na udongo ukazidi kumvuta, polepole... Nilimshika mshipi nikavuta mpaka kucha zangu mbili zikang'oka. Ndipo nikaona vidole kwenye paja lake.

Vidole vingi. Havikuwa vya mtu mmoja.

Ningemchimbua, tundu lingefunguka na Shiko angekufa. Nilijua hivyo, na bado nilishika jembe.

"Kata."

Ilikuwa sauti ya Gachau kabisa, ile ya upole ya kuniitishia chai.

"Kata mguu, Mama Shiko."

Nilichukua panga. Pigo la kwanza halikutosha. La pili pia. Damu ilinirukia mdomoni na sikuacha, nililia huku nikimkata mume wangu, mpaka akaachana na mguu wake nikamburuta hadi kwa nyasi.

Bwawa halijavuja tena. Majirani husema mguu ulikwama kwenye mawe, na mimi huwaacha waseme.

Gachau alikaa wiki tatu hospitalini Thika bila kuniongelesha. Nilidhani ni uchungu. Siku ya kutoka aliniuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini nilimkata ilhali udongo ulikuwa umeshauachilia mguu.

"Si wewe uliniambia?"

Aliegemeza magongo yake ukutani.

"Ningekuambia vipi, Wangeci? Mdomo wangu ulikuwa umejaa udongo."