Maji ya Mashuka

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja: kumwaga maji ya kufulia. Mama yake alikuwa dobi wa mashuka ya nyumba ya wageni, na maji yale yalikuwa na dawa kali ya kung'arisha. "Mferejini, mwanangu, si kwingine," mama alimwambia kila siku. Lakini mfereji ulikuwa mbali na ndoo ilikuwa nzito. Basi Chiriku alikata kona, akamwaga maji kwenye shina la mkwaju mkubwa, kisha akarudi akihema kwa kujifanya.

Mkwaju huo haukuwa mti hivi hivi. Waliochonga barabara zamani waliukuta, wakaipinda barabara ili wasiuguse. Mgeni akiuliza njia, alielekezwa kwanza kwenye mkwaju. Kwa hiyo upande mmoja ulipoanza kupukutisha majani, mtaa mzima ulishika kichwa.

Lawama zikamwangukia fundi baiskeli, aliyefanyia kazi kivulini pake.

"Ni oili yako hiyo!" mwenyekiti wa mtaa alifoka. "Umetuulia mti. Ijumaa uwe umehama!"

"Mwenyekiti, oili yangu naikusanya kwenye kopo. Hili hapa."

"Kopo, kopo! Basi majani yamejipukutisha yenyewe?"

Chiriku alikuwepo. Siku zote mdomo wake haukuwa na breki, lakini siku hiyo hakutoa hata neno. Fundi huyo ndiye aliyemshonea mkanda wa begi bila kumdai chochote. Kuanzia hapo akawa anapita njia ya uchochoroni ili wasikutane macho. Aliona aibu hata kula.

Alhamisi jioni walikutana ana kwa ana. Fundi alikuwa akitia spana zake kwenye gunia.

"Unaenda wapi, mjomba?"

"Sijui, mwanangu. Wateja wangu wote wananijua hapa."

Chiriku alikimbia nyumbani akamweleza mama kila kitu, huku akilia. Mama hakumpiga. Alimtazama tu, na mtazamo ule ulimuuma kuliko fimbo. Kisha akamshika mkono hadi kwa mwenyekiti na kumwambia, "Sema mwenyewe."

Kesho yake mwenyekiti alimwomba fundi radhi mbele za watu. Bwana miti alikuja, akaagiza udongo wenye dawa uondolewe, utiwe mwingine, na mti umwagiliwe maji safi kila siku. Mama na Chiriku walichimba hadi viganja vikatoka malengelenge. Baada ya wiki kadhaa, machipukizi yakaonekana. Watu walishangilia, lakini Chiriku alijificha nyuma ya mama yake.

Fundi alimwita. Akaenda, macho chini.

"Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe siku nyingi. Ila nikwambie kitu. Mti hauna mdomo, haukuweza kusema. Mimi nilisema, sikuaminiwa. Wewe peke yako ndiye ungeweza kunitetea tangu siku ya kwanza, nawe ukangoja mpaka nikafunga gunia. Kukosea, kila mtu anakosea. Lakini ukikosea, sema mapema, mwenzako asije akalibeba kosa lako."

Chiriku aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Nitasema, mjomba," akajibu. "Hata nikiona aibu, nitasema."