Gari Lililoegeshwa Mteremkoni

"Jino la mjomba limeoza. Ling'olewe leo."

Sauti kwenye Thuraya, simu ya setilaiti, ilikuwa ya Shangazi, mkuu wa kitengo. Nungu alielewa bila kufafanuliwa. Mzigo umo ndani ya gari. Mkamate dereva kabla ya mpaka.

"Shikamoo kwanza, Shangazi."

"Marahaba. Umesikia?"

"Nimesikia. Lakini gari nimelipekua mara sita. Jino ni zima."

"Siku arobaini na moja unaniambia jino ni zima. Mwanangu, umempenda?"

Nungu akakata simu.

Ndiyo, alikuwa amempenda.

Kazi ilikuwa nyepesi kwenye karatasi. Kuna watu walitaka kuvusha virusi vya kuua ng'ombe, wavimwage malishoni upande wa pili wa bara, halafu wajitokeze na chanjo ya kuuza. Kitengo kilimshuku daktari mmoja wa mifugo aliyeacha maabara ghafla, akanunua Hiace ya paa refu na kuigeuza nyumba: kitanda, jiko la matundu mawili, friji ya gesi. Nungu akatumwa kuomba lifti.

Alipanda kama mpelelezi. Kufika kilomita ya elfu tatu, alikuwa anajua Daktari anavyokoroma, anavyoosha vyombo huku akiimba nje ya tuni, na anavyompisha alale upande usio na baridi. Daktari alimwita "mama watoto" wakati hawana hata paka. Nungu alikuwa anacheka kila mara, mjinga yule.

Vichupa vya insulini vya Daktari hakuvigusa hata siku moja. Dawa ya mtu haichezewi. Na alipokwenda kujidunga nyuma ya pazia, akisema anaona haya, Nungu aligeuka akatazama nje. Mafunzo ya miaka tisa yalikwenda na maji.

Sasa alirudi kwenye gari akiwa na simu mfukoni, na mguu wake ukateleza kwenye changarawe.

Mteremko.

Akasimama.

Daktari hakuwahi kuegesha mteremkoni. Friji ya gesi ikiinama haipozi, kila anayeishi kwenye gari anajua. Kila waliposimama alilaza pima maji sakafuni, akasukuma kabari za mbao chini ya magurudumu mpaka gari likae sawa. Siku moja alilisogeza mara nne kwenye mvua, akalowa chapachapa, kwa ajili ya dawa zake.

Leo walikuwa hapa saa mbili nzima. Pua ya Hiace ilitazama mawinguni. Kabari zilikuwa chini ya kiti.

"Daktari, hujaweka kabari."

"Aah, si tunaondoka sasa hivi, mama watoto." Alikuwa kwenye usukani, anajinyoa kwa kioo cha pembeni.

"Na dawa?"

"Zitavumilia."

Dawa zilizokuwa haziwezi kuvumilia nusu saa! Nungu akafungua friji kama mtu anayetafuta maji. Kisanduku cha insulini kilikuwa chepesi. Kitupu.

Akafunga friji.

Mpakani dereva hupita na gari, na gari hupekuliwa mpaka kwenye matairi. Abiria hushuka, hutembea na mkoba wake, na hakuna anayemjali. Asubuhi Daktari alikuwa amemwandalia chai ya njiani, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Aliitia mwenyewe mkobani, kwenye chupa ya chai ya Stanley. "Usifungue mpaka uvuke, itapoa." Nungu alikuwa amembusu kwa hilo.

Akaifungua chupa.

Hakukuwa na chai. Kulikuwa na barafu na vile vichupa sita vya "insulini".

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Mzigo ungegunduliwa, angekamatwa yeye. Daktari angeendelea na safari akipiga mluzi.

Akarudisha kifuniko, akaingiza mkono kwenye pakiti ya taulo za kike, mahali ambapo hakuna mwanaume aliyewahi kupekua, akatoa bastola yake, Glock.

"Usiwashe gari. Mikono juu ya usukani."

Daktari alimtazama kwenye kioo. Uso wake ukabadilika mara moja, kama duka linalofungwa. Akaruka nyuma, akampokonya chupa, akatokea mlango wa ubavuni.

Mbele yake, hatua mia, ng'ombe wa watu walikuwa wanakula majani.

"Simama!"

Hakusimama. Mkono wenye chupa ulikuwa umeshainuka.

Nungu alilenga mguu ambao usiku ulikuwa unalala juu ya wake.

Risasi moja.

Daktari alianguka. Chupa ikabingirika, ikatulia kwenye nyasi, nzima, kifuniko mahali pake. Nungu akatoa redio ndogo mkobani, akawaita wenzake wa kitengo waliokuwa wakiwafuata kwa mbali.

"Mzigo upo. Mtu yupo hai. Njooni."

"Dakika nne."

Akamfunga jeraha kwa mtandio wake, akakaza. Daktari alikuwa anatweta.

"Ningekuja kukutoa," alisema. "Wallahi, wangekukamata ningerudi."

Nungu alitaka kuamini. Alitaka hivyo kuliko alivyowahi kutaka kitu.

"Nijibu moja tu. Ulipoiweka mkobani mwangu, mkono ulitetemeka?"

Daktari akafumba macho. Walikuwa wamekula sahani moja siku arobaini na moja, na kwa mara ya kwanza hakumdanganya.

"Hapana."

Land Cruiser mbili zikafika kwa vumbi. Walimpakia Daktari, wakaifunga chupa kwenye sanduku la chuma. Ofisa mmoja akaja na fomu na kalamu.

"Uhusiano wako na mtuhumiwa?"

Nungu alitazama Hiace. Mlango ulikuwa wazi, kitanda hakijatandikwa, mito miwili.

"Alinipa lifti."

"Tu?"

"Andika hivyo, kaka."

Akavaa miwani ya jua, akawapa kisogo, akashika barabara kwa miguu. Alilia mpaka mpakani, kimya kimya, bila kupunguza mwendo.