Upenyo wa Sentimita Kumi

Jirani yetu Délice ni msanifu wa majengo, na kazi yake usiifanyie mzaha. Alipoolewa na Kasongo hapa Nyamianda, alikuta nyumba ya mababu wa mumewe, wafanyabiashara wa zamani: kuta nene za udongo, mlango wa mbao uliochongwa, na ndani yake Shangazi Aziza, asiyeitikia salamu. Délice akachora nyumba mpya ubavuni mwake, ya zege na vioo, paa lake lisiipite ile ya kale. Kati ya kuta hizo mbili akaacha upenyo wa sentimita kumi, ili mpya isimwegemee mkubwa wake. Ilipendeza hadi wabishi wakanyamaza.

Kwa ukoo ule, moto wa kwanza wa nyumba mpya huombwa kwenye jiko la nyumba ya zamani. Délice alilijua hilo. Lakini akampigie magoti mtu asiyemwitikia salamu? Thubutu! Siku ya kuhamia akawasha kwa kiberiti.

Shangazi Aziza akaja hadi mlangoni.

"Nyumba mupya ni sawa bibi wa pili," akasema kwa sauti ya chini. "Inaomba ruhusa kwa mukubwa. Weye hukuomba."

Asubuhi ya tatu Délice akapima upenyo. Sentimita nane. Akaangusha timazi: kuta zote zimenyooka. Msingi hauna ufa. Adhuhuri akapima tena. Saba. Mita ya kupimia ikamponyoka, ikatumbukia upenyoni.

Kasongo akamcheka mkewe, akazamisha mkono hadi begani kuitafuta.

Kicheko kikakatika.

"Délice," akanong'ona. "Kuna mukono humu."

"Toka!"

"Iko inanishika. Iko laini."

Délice akamvuta kiunoni. Akavuta tena. Ukuta wa kale ulikuwa wa moto. Kiburi kikamwisha. Akakimbilia jikoni kwa shangazi, akapiga magoti kwenye majivu.

"Shangazi, minye naomba moto. Nihurumie. Nirudishie bwana yangu."

Aziza hakugeuka. Alikuwa akisonga ugali.

"Moto ya nini sasa? Bwana yako na mukubwa bameisha kusikilizana."

Délice aliporudi, Kasongo alikuwa ameketi chini, mkono mzima, hauna hata mkwaruzo. Upenyo ulikuwa sentimita kumi kamili. Lakini kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko alikuwa amechorwa maua ya hina ya harusi, mbichi, bado inanukia.

Hakumtazama mkewe.

"Baliniuliza kama nakubali," akanong'ona. "Nikakubali."

Jioni ile alihamishia godoro lake nyumba ya kale. Délice amebaki peke yake nyuma ya vioo vyake, na anamlilia mume aliye hatua tano kutoka kwake.

Hina ya watu hufifia baada ya wiki mbili. Ya Kasongo ina mwaka sasa, na kila Ijumaa asubuhi huwa mbichi.