Zamu ya Nathanaeli Bwawani

Kijiji kizima kina midomo, lakini kila mkitaka kuogopa mnakuja kunichokoza mimi, mwenye maharage ya kuchambua. Haya, kaeni. Asiniulize mtu mara mbili.

Bwawa letu la maji ya kunywa lilikuwepo zamani kabla ya umeme. Walipokuja watu wa mradi wakafunga mtambo mdogo chini ya bomba lake, tukapata taa, na Nathanaeli akapewa kuusimamia. Akanunua na mashine ya kusaga kule Same. Tangu hapo akajiona mkubwa kuliko tope. Siku ya msaragambo, kazi ya kijiji ambayo kila nyumba hutoa mtu mmoja, yeye alimtoa dada yake Victoria, aliyekuwa akikaa kwake bila mume wala mtoto. Kila mwaka Victoria. Hakuwahi kusema hapana, mjinga yule, Mungu amrehemu.

Mwaka juzi walikuwa wanazoa tope kwa mabeleshi, maji yamepunguzwa mpaka kiunoni, koki kubwa ya bomba imefungwa. Mtambo umezimwa, mashine ya Nathanaeli imelala, wateja na mahindi yao wanamlalamikia. Mara maji yakavuta kuelekea bombani. Wengine walikuwa wameshapanda ukingoni. Victoria alikuwa bado mbele ya mdomo wa bomba. Nathanaeli akasema koki iliachia yenyewe. Tukazika.

Matanga yalipoisha, taa zikaanza kuhema. Zinafifia, zinawaka, zinafifia, kama mtu anayeinama na kuinuka. Ukienda bwawani mchana kweupe huoni mtu, ila chini ya maji unasikia beleshi: kwaruu, kwaruu. Mchungaji akaja akaomba. Victoria alikuwa mwanakwaya, basi alinyamaza kwa adabu mpaka amina, halafu akaendelea.

Kisha balaa likaingia nyumbani. Jenifer, mke wa Nathanaeli, alinijia jioni moja ananong'ona.

"Shikamoo, bibi. Nyumba inanuka tope."

"Marahaba. Piga deki."

"Nimepiga. Bibi, wifi ananiita. Anasema amechoka, nyumba itoe mtu mwingine."

Nikamwambia aende akapige deki tena, mimi!

Baragumu la msaragambo lilipolia tena, Jenifer aliacha ugali motoni akatoka, hakufunga mlango, hakuitika salamu, akashuka ile njia ya mawe miguu mitupu huku harufu ya tope ikimtangulia na taa za nyumba zote zikihema pamoja naye, akaingia majini mpaka shingoni akitabasamu, na sisi wanawake tulipomshika tukamwona mzito, mzito wa watu wawili, maana kuna aliyekuwa anavuta kwa chini.

Tulimtoa. Nathanaeli akamfuata mganga Zaituni kule Ndungu, akamleta mpaka bwawani kwa bodaboda na udi wake.

"Mtoe huyu jini, mama. Mke wangu ataniishia."

Zaituni aliinama akatega sikio majini. Alipoinuka alikuwa analia.

"Jini gani? Huyu ni mtu yuko kazini. Anashika zamu yako. Ukitaka mkeo aachwe, kaipokee."

"Nitatoa mbuzi. Hata ng'ombe."

"Nani kataja mbuzi?" Zaituni alisema polepole. "Koki alifungua nani?"

Kwaruu, ikasema chini.

"Mimi. Nilidhani wote wameshatoka."

"Ulitazama?"

"Sikutazama."

Akaingia na suruali yake ya pasi, akanyoosha mikono. "Dada, nipe. Kapumzike." Mpini wa beleshi ukapanda kutoka majini, mweusi kwa tope, akaushika. Papo hapo beleshi likanyamaza, taa zikatulia, harufu ikakatika. Wanawake wakalia upya, maana sasa ndipo Victoria alipokufa kweli.

Lakini vidole vya Nathanaeli havikufunguka tena. Walimpeleka hospitali, wakaukata mpini juu na chini kwa msumeno, kipande kikabaki ndani ya ngumi zake mbili. Koki hawezi kuishika, mahindi hawezi kuyapima. Jenifer humlisha kwa kijiko, humfunga vifungo. Na siku ya msaragambo, hata akiwa amelala, ngumi zile huinama na kuinuka, huinama na kuinuka, mpaka watu wote watoke bwawani.