Diski Iliyobaki

Rafiki yangu mmoja ni fundi wa kompyuta, wala si mtu wa kutunga mambo. Asubuhi moja aliitwa kituo cha redio kufunga mfumo mpya kwenye mtambo wa kuhifadhia vipindi, wenye diski nne, katika chumba kisicho na dirisha wala balbu nzima. Mjane wa mtangazaji wa zamani alikuwa amempigia kumwomba: "Shemeji, kabla hujafuta, nitolee sauti ya mume wangu. Mwanangu alizaliwa baba hayupo."

"Fundi, unafunga mtambo au unauzalisha?" meneja alimkejeli kutoka mlangoni, akaenda zake.

Kwa haraka, rafiki yangu akachomoa diski moja aliyodhani ina sauti hiyo, akafuta zile tatu. Ndipo akakumbuka kwamba mtambo ule ulikata kila faili vipande na kuvigawa kwenye diski zote nne. Alibaki na robo ya kila kitu, yaani si kitu.

Akauzima mtambo. Feni zikanyamaza, vitaa vyake vikafa, giza likajaa chumbani. Akampigia yule mama, diski ikiwa mkononi, haijaunganishwa na chochote.

"Shemeji, nimetafuta sana. Mumeo hakuacha hata neno."

Sijui ningekuwa mimi ningesemaje. Anaapa kwamba mle chumbani hakusikia sauti nyingine yoyote, ila pumzi za yule mama simuni.

"Mbona namsikia hapo nyuma yako?" mama akauliza taratibu. "Mwambie asogee kwenye simu, mtoto amsikie."