Usikate Usukani

Mikono ya Mama ilikuwa ndani ya beseni la nguo, povu mpaka viwikoni, shemeji yake alipoingia uani bila hata hodi. Alikuwa fundi wa magari, ndiyo kwanza ametoka kulivuta basi la shule kutoka korongoni.

"Shemeji, basi limepinduka. Pale pale, kwenye kona ya mteremko."

"Watoto?"

"Hapakuwa na mtoto hata mmoja, lilikuwa linakwenda kuwachukua. Dereva kavunjika mguu." Akasita. "Anasema alikuwa anamkwepa binti yake. Na binti yake yuko nyumbani, anaumwa surua."

Huyo alikuwa dereva wa nne mwaka huo. Wote walikata usukani ghafla kumkwepa mtoto barabarani. Kila mmoja, mtoto wake.

Mama akajifuta mikono, akachukua ufunguo wa gari la mikate analoendesha kazini. Wanawe watatu walikuwa wanangoja getini kwa shule, na jua lilishaanza kuzama.

"Ukiona kitu pale, usikate usukani," fundi alimfuata mpaka mlangoni. "Punguza mwendo, kaa kwenye njia yako..."

"Unanifundisha mimi kuendesha? Wewe uliyerudi kinyumenyume ukabomoa banda la kuku?"

Fundi hakucheka.

Shuleni aliwapandisha nyuma, kwenye bodi lisilo na dirisha, wakaketi juu ya kreti tupu. Walikuwa na utaratibu wao: yeye akigonga ukuta ulio nyuma ya kiti chake, kila mtoto hujibu kwa kugonga mara moja. Ndivyo alivyojua kuwa wako salama.

Mteremkoni alitia gia ya pili. Mikono yote miwili kwenye usukani. Mwendo, ishirini. Kulia mwamba, kushoto korongo.

Harufu ilitangulia... kama majivu yaliyomwagiwa maji.

Kisha akamwona.

Kitindamimba wake, katikati ya barabara. Sare ya shule. Soksi moja imeshuka. Anamtazama tu.

Akakanyaga breki polepole. Gari likapunguza mwendo, lakini halikusimama. Changarawe zilikuwa zinateleza chini ya matairi. Akagonga ukuta.

Ko.

Ko.

Akangoja la tatu.

Kimya.

Hatua kumi. Hatua tano. Mikono ilitaka kwenda yenyewe... akaibana. Nyuma wako wawili, alijiambia. Wawili au watatu. Nikikata, wanakwenda wote.

Mtoto akanyoosha mkono.

Mama hakuugeuza usukani.

Hapakuwa na kishindo. Hapakuwa na chochote.

Chini ya mteremko alisimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akaenda kufungua mlango wa nyuma. Hakuhisi kitu.

Watatu.

"Mbona mmegonga wawili?"

"Huyu alilala," mkubwa alinong'ona. "Nilimtikisa, hakuamka. Alikuwa wa baridi, Mama."

Kitindamimba alikuwa macho sasa. Anamtazama tu.

Nyumbani alipakua wali, akawagawia mchuzi. Baba yao, fundi, watoto watatu, na yeye mwenyewe. Akawahesabu kwa macho, kisha akawahesabu tena. Wote wapo.

"Mama," kitindamimba alisema, kijiko mkononi. "Mbona hukunikwepa?"

Baba yao akacheka, akidhani ni mchezo wao. Fundi akaacha kutafuna.

Mama akamwongezea mchuzi.

"Kula," alisema. "Kinapoa."